Sakafu ya Pikapu ya Kavira

Benchi letu liko Kalembe, pale barabara ya kutoka Mpofi inapoingia sokoni. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Mimi, Adrienne, ninauza kahawa mbele yake, kwenye meza ndogo yenye jiko kando, kila asubuhi, nikishawaamsha watoto sita na kuwatafutia viatu wale wanne wa shule. Wateja wa kila siku ni watatu. Polycarpe tunamwita Kilometa, kwa sababu aliendesha pikapu ya tajiri mmoja miaka minane na hajamaliza kutusimulia safari zake. Sylvain ni seremala, jina lake la benchi ni Rabo, kama chombo chake cha kulainishia mbao. Guylain ana pikipiki isiyowaka na simu isiyozimika. Yeye ni Antene, na habari humfikia kabla haijatokea. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika kulipopambazuka, matope yalifika kwenye vifundo vya miguu, na mbele ya benchi, kwa mara ya nne wiki hiyo, ilikuwa imesimama pikapu nyeupe ya Kavira.

— Ameiacha hapa tena, Kilometa alisema. Mbele ya macho yetu.

— Aiweke wapi? nilimuuliza. Hapa njo kuko udongo ya nguvu.

— Angeiweka nyuma ya kanisa. Anaiweka hapa sababu tuione.

— Na tunaiona, Antene akasema. Miye niliiona ata mu ndoto.

— Uliota unaiendesha?

— Niliota inanikanyaga.

Rabo alipuliza kahawa yake.

— Gari yenyewe iko ya mukono ya pili.

— Ya mukono ya tano, Kilometa alimsahihisha. Angalia ule mulango. Rangi inafanana na muntu mwenye alitoka hospitali jana.

— Mukono ya tano, ya sita, nikasema. Kati ya ile mikono yote, wa kwenu iko wapi?

Wakanywa. Nami sikusema hivyo kwa kumtetea Kavira. Pikapu ile sikuipenda hata kidogo. Kavira na mimi tulianza pamoja. Alikuja Kalembe kuolewa, akitokea Butembo, na mwezi uleule tukaanza kushuka Mpofi kuchukua mafuta ya mawese, kila mmoja na bidoni moja, dumu la lita ishirini, mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Tulishuka asubuhi, tukalala huko, tukapanda kesho yake. Tulifanya hivyo miaka sita. Mimi nimemaliza sekondari. Yeye aliacha shule darasa la sita. Diploma yangu iko ndani ya mfuko, juu ya kabati. Pikapu yake ilikuwa pale barabarani.

Kavira alikuja na sahani ya bati. Akatusalimia, akapanda nyuma ya gari, kwenye karoseri, na kuanza kuteka maji ya mvua na kuyamwaga nje, sahani kwa sahani. Hakuna aliyeshangaa. Kwenye barabara yetu, kila gari linalobeba mafuta huzibwa matobo ya sakafu. Bidoni zinavuja, kwa mashimo ya barabara yetu hakuna isiyovuja. Ukiziba matobo kwa vipande vya mti vilivyofungwa kitambaa, mafuta hubaki karoserini, na mwisho wa safari unayateka kwa sahani na kuwauzia watengenezaji wa sabuni. Gari ambalo halijazibwa tunalicheka. Kavira aliliziba la kwake siku ileile lilipofika, na sisi sote tulisimama tukiangalia.

Sahani ilipoanza kukwaruza chuma aliyaacha yaliyobaki, akashuka, akaomba kahawa.

— Bapapa, leo musaidie miye. Mama Adelaïde anashuka kuangalia gari.

— Adelaïde gani, patrone? Antene aliuliza. Neno patrone, mwanamke tajiri, alilisema kama mtu anayetema mfupa.

— Wa maharagi. Bamama ya kule mulima balimutuma. Bakikubali, nitashukaka Mpofi na maharagi yabo, nipande na mafuta. Basipokubali, gari itakuwa inashuka bule, na gari ya kushuka bule, mbele ya Noeli nitakuwa nimeiuzisha. Sasa muone ile sakafu: imekwaruzika, inanuka mafuta. Lazima nimuambie nitatandika nini mule. Nitandike nini?

Niliona nyuso tatu zikichangamka. Mwenye gari alikuwa ameomba kitu kwa watu wasio na gari.

— Mbao, Rabo alisema. Muti ya libuyu. Nakupigilia mbao mupaka ku kingo, zinabanana, ata sindano haipite. Misumari ya inchi tatu.

— Misumari unapigilia mu nini? Kilometa akamuuliza.

— Mu chuma ya chini.

— Mumesikia? Anataka kutoboa gari ya mama wa bantu kama chujio.

— Na mbao inakunywa mafuta, Antene aliongeza. Wiki mbili, gari nzima iko utambi. Muntu anapita na sigara, kwisha.

— Weye unaogopa moto, njo mana pikipiki yako haiwakake! Rabo akamrudishia.

Hata Kavira alicheka. Antene alijisogeza mbele ya benchi.

— Cheka. Lakini ku Goma kuko rangi ya kaucho, ya mupira. Nyeusi. Banapuliza na mashini mu karoseri yote, inakauka, inakuwa nguvu kama kwato ya ngombe. Niliona video. Muntu alipiga na nyundo, nyundo njo ilivunjika.

— Nyundo ya nini, ya udongo? Rabo akauliza.

— Ya chuma! Na ata risasi inarudi.

— Inarudi wapi?

— Kwenye ilitoka!

— Basi bapulize Kalembe yote, nikasema. Baanze na mulango wangu.

— Goma iko mbali, Kavira alisema. Na Mama Adelaïde anakuja leo.

— Tutaitengeneza hapa, Antene akajibu, na macho yake yakaanza kung'aa kama anapopata mtandao. Kaucho iko kaucho. Kila muntu alete kandambili yake ya zamani, tuyeyushe mu sufuria ya Mama Adrienne...

— Gusa sufuria yangu uone.

— ... mu sufuria ingine, tumwange mu karoseri, tusawazishe na ubao ya Rabo. Kandambili mia mbili tu.

— Kalembe nzima itembee bila viatu sababu ya gari ya muntu moja? Rabo alipandisha sauti. Si tayari tunatembea na miguu?

Kavira aliangalia ndani ya kikombe chake. Rabo aliona ameharibu, akataka kutengeneza, akaharibu zaidi.

— Miye sasa nafikiri simenti.

— Simenti?

— Sentimeta tatu. Unaweka na bachuma kidogo mu ndani, unalainisha. Hakuna kutu, hakuna harufu, unasafisha na fagio.

— Gari itapanda mulima na nyumba ndani yake? Antene aliuliza.

— Haitapanda, Kilometa akasema. Njo vile Rabo anataka.

Kavira alimgeukia seremala.

— Papa Sylvain, unanichukia?

— Miye? Miye nakutakia mema, mama. Iko ile gari njo siiwezi kuvumilia.

Kilometa alikuwa amengoja zamu yake kama mtu mzima. Aliweka kikombe chini, akafuta midomo.

— Mumemaliza? Sasa musikilize muntu mwenye alishikaka volan ya gari. Tajiri yangu alikuwa na pikapu sawasawa na hii. Ilikuwa na plastiki yake ya chini, moja nzima, kama beseni, inaingia mu karoseri kama muguu mu kiatu. Chini na pembeni. Mafuta haigusake chuma. Mifuko haikwaruzake kitu. Unapangusa na kitambaa, imetakata. Pikapu ilikufa, plastiki ikabaki. Iko nyuma ya nyumba yangu, bakuku wangu banalala mu ndani. Nitakupatia bule.

— Bule? tuliuliza sote kwa pamoja.

— Bule. Ila gari yenye ile plastiki inaombaka mushoferi mwenye anaijua.

— Ah! Antene alipiga goti lake. Njo bei, ile! Na miye nilikuwa nafikiri mushoferi itakuwa miye.

— Weye? Pikipiki tu ilikushinda, yenye iko na miguu mbili.

— Miye nilitaka tu kuikala pale mbele siku moja ya soko, Rabo alisema polepole. Nipite hapa, munione. Basi.

Kavira hakuwasikiliza. Nilimjua: alikuwa anapima.

— Ile plastiki haijapasuka?

— Haijapasuka.

— Na pikapu yenyewe ilikufa na nini?

Kilometa aliniangalia mimi mara moja, haraka, kisha akaangalia barabara.

— Uzee.

Mume wangu Élie ndiye aliyekuwa akiosha pikapu ile ya tajiri mtoni. Siku moja, kwa sababu ya harufu, aliinua ile plastiki, jambo ambalo Kilometa hakulifanya hata mara moja katika miaka minane. Chini yake kulikuwa na maji. Yalikuwa yamepenya pembeni, mvua baada ya mvua, na matobo yalikuwa yamezibwa kwa ajili ya mafuta, kwa hiyo maji yalikaa pale yakila chuma. Élie aliweka mguu, na mguu ukapita mpaka chini, kama kwenye biskuti. Tulimtibu mwezi mzima. Kilometa alikuja nyumbani kutuomba tusimwambie tajiri, na Élie, ambaye hapendi maneno, akakubali. Plastiki ni kweli haikupasuka.

— Adrienne, Kavira alisema. Weye haujasema kitu. Unaona namna gani?

— Miye niko muuzishaji ya kahawa, nikamjibu. Nikuongezee?

— Ongeza.

Nikamwongezea. Ilikuwa sentensi moja tu, na ningeweza kuisema huku nikimimina. Niliangalia viatu vyake. Matope yote yale, na viatu vyake vilikuwa safi. Nikafunga termosi.

— Sawa, Papa Polycarpe, Kavira akasema. Leta plastiki.

Kilometa alisimama. Alinyoosha koti lake, akaingiza shati ndani ya suruali, akaanza kutembea kuelekea gari badala ya nyumbani kwake, akapapasa bodi ya mbele kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe ambaye amekwisha kumnunua.

Adelaïde alitukuta hivyo. Alikuwa mama mrefu, mwenye buti za mvua na mikono ya jembe, na alibeba maharagi kidogo yaliyofungwa ndani ya kitambaa. Alitaja jina lake, akasema ametumwa na akina mama wa mlimani, akakataa kahawa.

— Nitakunywa nikishaona, alisema.

Alizunguka gari. Alinusa. Kilometa alimfuata nyuma akimweleza habari za plastiki: inaingia kama mguu kwenye kiatu, inapanguswa kwa kitambaa, na yeye mwenyewe ndiye atakayeendesha. Adelaïde alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliingiza mkono kwenye pembe ya karoseri, palipobaki maji ambayo sahani ya Kavira haikuyafikia, akanusa vidole.

— Na maji yenye itaingia chini ya plastiki, aliuliza, itatokea wapi?

— Maji gani? Kilometa akasema.

— Ya mvua, papa. Huku kwenu hainyeshake?



— Itakauka, Antene alijaribu.

— Na nini?

— Na jua.

— Jua itapitia wapi, chini ya plastiki?

Antene alifungua simu yake na kuanza kutafuta kitu ndani yake.

— Miye nilisema mbao, Rabo akasema.

— Zenye kuachana? Adelaïde akamuuliza.

— Zenye kubanana. Ata sindano...



— Mama, Kavira alisema, tulifunga matobo sababu ya mafuta. Ku barabara hii bote banafunga.

— Najua. Njo mana bote nabakataliaka. Mwaka jana maharagi yetu ilifika Mpofi imeota mikia. Bantu bakatuuliza kama tumeleta mboga. Alikaza fundo la kitambaa chake. Naenda kununua chumvi. Nikirudi, mukiwa bado hamuna jibu, haina neno. Tutabeba na mugongo, vile tulizoea.

Akaingia sokoni.

Kavira aliangalia benchi, mtu mmoja mmoja. Rabo aliangalia kikombe chake. Antene aliangalia simu. Kilometa peke yake hakukaa. Alibaki amesimama kando ya mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye kitasa.

— Bale bamama ya mulima banaongeaka mingi, alisema. Leteni tu plastiki, nitamueleza miye mwenyewe mu njia.

Sijui kama nilisema kwa ajili ya Kavira. Wala sikusema kwa ajili ya maharagi. Nafikiri ulikuwa ule mkono kwenye kitasa. Kavira kupita mbele yangu akiwa ndani ya gari lake, hilo nilikuwa nimeanza kulimeza. Kilometa kupita akiendesha, hapana.

— Toa bile bipande ya miti mu matobo, nikasema. Yote ine.

Wote waligeuka.

— Rabo atengeneze mbao, lakini ziachane kidole kimoja. Asipigilie misumari ku gari. Azifunge juu ya fito mbili, kama kitanda, unazitoa, unasafisha chini, unazirudisha. Maji itapita katikati, itatokea mu matobo. Maharagi itakuwa juu.

— Na mafuta yenye kuvuja? Kavira aliuliza.

— Itamwangika. Funga muzuri vifuniko ya bidoni, uache kuteka mafuta ya chini kama muntu wa sabuni.

— Mama Adrienne alisoma mekanike lini? Kilometa akasema, na sauti yake haikuwa ya kucheka.

— Siku muguu ya bwana yangu ilipita mu sakafu ya gari yako.

Aliachia kitasa. Antene alizima simu, kitu ambacho sijawahi kukiona.

— Uzee, ee? Rabo alimwambia Kilometa. Uzee ya miaka munane! Na ulitaka kumupatia bule!

— Weye ulitaka kumutilia simenti!

— Simenti ingeonekana!

Kavira hakuwangoja wamalize. Alichukua jiwe na kipande cha chuma, akajifunga kitenge vizuri, akapanda karoserini na kuanza kugonga. Kizibo cha kwanza kilikataa. Cha pili kilitoka, na maji yakashuka chini ya gari, mekundu, na ngozi ya mafuta juu yake, yakakimbilia benchi. Wanaume watatu waliinua miguu. Alitoa cha tatu na cha nne. Alirudi kwenye cha kwanza akakigonga mpaka kikapasuka. Adelaïde alitoka sokoni na chumvi yake mkononi, akasimama, akainama kuangalia chini ya gari kwa muda mrefu. Kisha aliweka kile kitambaa cha maharagi juu ya ukingo wa karoseri, karibu na mkono wa Kavira.

— Sasa nipatie kahawa, aliniambia.

Nikammiminia. Rabo alikuwa ameshaanza kupima upana wa karoseri kwa mikono yake, akiita hesabu ya mbao kwa sauti ili watu wa sokoni wasikie kwamba kazi ni yake. Kilometa alimwambia anapima vibaya. Antene alimwuliza Adelaïde kama akina mama wa mlimani hawahitaji mtu wa kuwapelekea ujumbe.

Kavira alishuka. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na viatu vyake sasa vilifanana na vyangu. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

— Kumbe ulijua.

— Nilijua.

— Tangu lini?

— Tangu siku ulifunga ile matobo.

— Na saa ile nilikuuliza, ukaniongezea kahawa.

— Nilikuongezea.

— Sababu ya nini, Adrienne?

Nilikuwa na majibu ya adabu, mawili au matatu. Lakini nilikuwa nimeamka saa kumi, na nilikuwa nimechoka.

— Sababu unapitaka hapa umeikala mu gari yako.

Hakukasirika. Alitafuta kitambaa cha kufutia mikono, hakukiona, akaifuta kwenye kitenge chake. Halafu alikaa, upande wangu, pale mwisho wa ubao ambapo wanaume hawakai kwa sababu ya moshi.

— Na kama gari ingekuwa yako, akaniuliza, miye ningekuambia?

Nilifikiri. Nilimwona naye akifikiri, kwa sababu hakuwa ameniuliza ili kunishinda, alitaka kujua. Rabo aliacha kupima. Adelaïde, ambaye hakutujua hata mmoja, alituangalia sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, na kikombe chake hewani. Maji yalidondoka chini ya pikapu mpaka yakaisha, na bado hakuna aliyekuwa amejibu.